Namna ya Kuandika Hotuba ya Shughuli na Kuitoa bila Kutetereka

Umeombwa kusema machache. Huenda ni harusi ya mdogo wako, kuagwa kwa mwenzako anayestaafu, mahafali, siku ya kuzaliwa ya mzazi aliyetimiza miaka 70, au mazishi ya rafiki. Tangu uombwe, moyo haujatulia. Unawaza utaanzaje, utasema nini, na itakuwaje ukisahau katikati huku macho yote yakikutazama.

Wengi huamini kwamba ujasiri wa kuzungumza ni kipaji: aliyezaliwa nacho anacho, asiyezaliwa nacho na anyamaze. Siamini hivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya hofu hutokana na kusimama mbele za watu ukiwa huna jambo mahususi la kusema, ukitegemea maneno yajitokeze yenyewe. Mtu mwenye jambo moja la kweli kuhusu anayesherehekewa, aliyeliandika vizuri na kulisema kwa sauti mara kadhaa nyumbani, husimama tofauti kabisa. Mikono yaweza kumtetemeka, lakini anajua anakokwenda. Kwa hiyo kazi kubwa ya ujasiri hufanyika mezani, kabla ya siku yenyewe, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu zaidi kwenye kuandika kuliko kwenye jukwaa.

Hatua ya 1: Jua umeitiwa nini

Kabla ya kushika kalamu, mpigie simu anayeandaa shughuli au mshereheshaji umuulize mambo machache. Una dakika ngapi? Nani atazungumza kabla yako na nani baada yako? Je, utasema kwa niaba yako tu, au kwa niaba ya familia, darasa au ofisi nzima? Kutakuwa na kipaza sauti? Kuna meza au kinara cha kuwekea karatasi? Ukimaliza, unamkaribisha mtu mwingine au unarudi tu kukaa?

Swali moja wengi hulisahau: kuna jambo lolote lisiloguswa? Katika familia nyingi lipo. Wazazi wa bwana harusi huenda wameachana na hawasemeshani. Anayestaafu huenda anaondoka kwa sababu ya ugonjwa asioutaka utajwe. Jina la mtoto aliyefariki laweza kumliza mama mzima ukumbini. Usipouliza, unaweza kulikanyaga jambo hilo kwa nia njema kabisa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jua pia aina ya hotuba unayotoa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aligawa hotuba katika mafungu matatu: za mabaraza yanayoamua la kufanya, za mahakamani, na za hafla, ambazo kazi yake ni kusifu au kulaumu. Hotuba ya shughuli ni ya fungu la tatu. Hakuna anayepiga kura ukimaliza, wala hakuna hakimu. Watu waliokaa mbele yako tayari wanampenda anayesherehekewa, au wanamlilia. Hukuja kuwashawishi. Umekuja kuwasaidia wamwone vizuri zaidi mtu ambaye tayari wamekuja kwa ajili yake. Ukilishika hilo, mzigo unapungua, kwa sababu hotuba haikuhusu wewe.

Hatua ya 2: Kusanya visa kabla ya kuandika sentensi hata moja

Hapa ndipo hotuba nyingi hufa. Mtu hukaa, huandika "Ndugu zangu wapendwa", kisha hubaki akiikodolea macho karatasi. Tatizo lake si uandishi. Hajakusanya kitu cha kuandika.

Chukua karatasi, tega saa dakika ishirini, uandike kila unachokumbuka kuhusu mtu huyo bila kuchagua wala kupanga. Mlikutana wapi? Hupenda kusema neno gani mara kwa mara? Hufanya nini akikasirika, na hufanya nini akifurahi? Ni jambo gani dogo hulifanya kila siku bila kujua kwamba kuna mtu analiona? Ni lini alikufanya ubadili mawazo? Alimsaidia nani bila kutangaza? Ukikwama, angalia picha za zamani na ujumbe mliotumiana.

Kisha wapigie watu wawili au watatu wanaomjua kwa upande usioujua wewe. Kama unamjua kazini, mtafute ndugu yake. Kama ni ndugu yako, mtafute rafiki yake wa shule. Na uulize vizuri. Ukiuliza, "Unamwonaje?", utajibiwa sifa: mkarimu, mpole, mchapakazi. Ukiuliza, "Niambie siku moja unayoikumbuka mkiwa pamoja", utapewa kisa, na ndani ya kisa sifa zote zimo. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya hotuba mbili.

Usitosheke na kumbukumbu ya kwanza inayokujia. Mara nyingi hiyo ndiyo ambayo kila mtu ukumbini anayo, na msemaji aliyekutangulia ataisema. Endelea kuchimba hadi ufikie ile ambayo wewe peke yako unaweza kuisimulia.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja

Ukishakuwa na ukurasa uliojaa, kamilisha sentensi hii: "Nataka watu wakiondoka hapa wajue kwamba yeye ni mtu ambaye..." Nafasi hiyo ijazwe na jambo moja tu. "Yeye ni mtu ambaye hasahau." "Yeye ni mtu ambaye hufika kabla hujamwita." Usiandike mambo matatu wala orodha ya fadhila.

Baada ya hapo pitia visa vyako na ubakize vile vinavyolithibitisha jambo hilo, viwili au pengine vitatu. Vingine vyote viweke pembeni hata kama ni vitamu. Huu ni uamuzi unaouma, na ndio unaoleta uzito.

Tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg nchini Marekani, yalizinduliwa makaburi ya askari waliouawa vitani. Msemaji mkuu, Edward Everett, alizungumza kwa takriban saa mbili. Baada yake Rais Abraham Lincoln alisimama kwa dakika chache tu, kwa hotuba isiyofika maneno mia tatu. Kesho yake Everett alimwandikia Lincoln kwamba angefurahi kama yeye, kwa saa zake mbili, angekuwa amekikaribia kiini cha siku ile kama Lincoln alivyokikaribia kwa dakika mbili. Everett hakuwa msemaji dhaifu. Alikuwa miongoni mwa wasemaji waliosifika sana wakati wake. Tofauti ilikuwa kwamba Lincoln alilishika jambo moja akaliacha lisimame.

Hatua ya 4: Andika kama unavyosema

Hotuba husikika, haisomwi na wasikilizaji. Msomaji akipotea hurudi nyuma mistari miwili. Msikilizaji akipotea hana pa kurudi. Kwa hiyo andika sentensi fupi, kila moja na wazo lake. Epuka sentensi zenye "ambaye" mbili au tatu zinazofuatana. Rudia jina la mtu badala ya kumtegemea msikilizaji akumbuke "yeye" ni nani.

Njia ninayoipendekeza kwa mtu aliyezoea kuandika barua za kiofisi ni hii: simulia kisa kwa mdomo kwanza, ukijirekodi kwenye simu, kana kwamba unamsimulia rafiki. Kisha andika ulichosikia. Maneno yatakuwa yako, na siku ya shughuli ulimi utayatambua.

Tazama aya hii, ya aina tunayoisikia kila shughuli:

"Ndugu yetu huyu ni mtu mkarimu, mchapakazi, mwenye upendo wa dhati na anayejali kila mtu bila ubaguzi. Hakika ni mfano wa kuigwa katika jamii yetu."

Hakuna uongo hapo, lakini pia hakuna mtu. Aya hiyo inaweza kusomwa kwa yeyote, mahali popote, na hakuna atakayegundua. Sasa hii:

"Mwaka niliolazwa hospitali, kaka alikuwa anakuja kila jioni akitoka kazini. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anakaa, anatoa redio ndogo mfukoni, anaitegesha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Alijua siwezi kulala bila taarifa ya habari. Hakuna aliyemwambia. Aliona."

Neno "mkarimu" halimo. Neno "upendo" halimo. Lakini kila anayesikiliza ameshayasema moyoni mwake, na mtu huamini zaidi anachojisemea mwenyewe. Pita kwenye rasimu yako, pigia mstari kila sifa, kisha ujiulize: alifanya nini kilichonifanya niandike neno hili? Andika hicho alichofanya, na neno lenyewe ulifute.

Futa pia maneno ya kujazia. "Napenda kuchukua fursa hii adhimu", "bila kupoteza muda", "kwa kweli sina mengi ya kusema", "mimi si msemaji mzuri". Hilo la mwisho hasa liache kabisa. Linawafanya wasikilizaji waanze kukuonea huruma kabla hujasema lolote, na siku hiyo si yako.

Methali inafaa, lakini iwe moja, na iungane na mtu unayemsema. Methali inayoelea peke yake mwanzoni mwa hotuba haifanyi kazi yoyote.

Hatua ya 5: Mwanzo, mwisho, na daraja la kati

Salamu ziwe fupi. Kama itifaki inadai utaje wakubwa waliopo, taja makundi badala ya mtu mmoja mmoja, au muulize mshereheshaji kama ameshalimaliza hilo. Mara nyingi ameshalimaliza, na "kwa itifaki iliyozingatiwa" inatosha. Orodha ya majina kumi inakula dakika nzima, na jina la kumi na moja ulilolisahau ndilo litakalokumbukwa.

Baada ya salamu, jitambulishe kwa sentensi moja: wewe ni nani kwake. Usidhani kila mtu anakujua. Kisha ingia moja kwa moja kwenye kisa. Huhitaji kutangaza kwamba unataka kusimulia kisa.

Sentensi ya mwisho iandike mapema, hata kabla ya katikati. Iandike neno kwa neno, kwa sababu hotuba nyingi nzuri huharibikia hapo: msemaji amemaliza lakini hajui namna ya kushuka, anazunguka, anarudia, anashukuru mara tatu. Ukijua sentensi yako ya mwisho, unaweza kuikimbilia wakati wowote, hata ukiwa umesahau aya mbili za katikati.

Katika harusi, mwisho ni maneno ya heri kwa maharusi, ukiwatazama wao. Kama utawaomba watu wainue glasi, waambie kwanza wasimame, subiri viti vitulie, halafu sema maneno mafupi wanayoweza kuyarudia kwa pamoja. Katika kuaga, mwisho ni shukrani iliyotajwa kwa kitu mahususi. Katika mazishi, mwisho ni kumuaga marehemu, au kuwageukia wafiwa.

Daraja la kati ni kisa chako cha pili na sentensi inayokiunganisha na siku ya leo. Kwa ule mfano wa redio, hotuba fupi nzima ya harusi yaweza kuwa hivi:

"Wageni wetu, habari za jioni. Mimi ni dada wa bwana harusi, niliyemtangulia kwa miaka minne. Mwaka niliolazwa hospitali, kaka yangu alikuwa anakuja kila jioni na redio ndogo mfukoni, anaitegesha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Alijua siwezi kulala bila hiyo. Hakuna aliyemwambia. Aliona. Siku aliyomleta wifi yangu nyumbani mara ya kwanza, nilikuwa jikoni nikihangaika na vyombo peke yangu. Sijasema kitu. Nikageuka, nikamkuta amesimama pembeni yangu, mikono imeshalowa. Nikajisemea: huyu naye anaona. Wapendwa wangu, zitakuja siku ambazo kila mmoja wenu atakuwa amechoka hata kuomba msaada. Ninawaombea muendelee kuonana. Naomba tusimame tuwatakie heri."

Ihesabu: ni visa viwili, jambo moja, na ni chini ya dakika mbili. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hotuba ya harusi ilikuwa fupi.

Mzaha: mpaka wake uko wapi

Kicheko kinafungua ukumbi, na katika kustaafu au siku ya kuzaliwa hakikosi kufaa. Lakini kisitafutwe kwenye vichekesho vya kuokota. Kicheko bora hutoka kwenye ukweli wa mtu: anavyochelewa daima, anavyolinda mwavuli wake, anavyojibu simu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Kipimo changu ni kimoja. Mfikirie anayesemwa amekaa kati ya mama mkwe wake na bosi wake. Je, atacheka nao, au atatazama chini? Ukiwa na shaka hata kidogo, ondoa. Wapenzi wa zamani, madeni, pombe, uzito wa mwili, na kuchelewa kupata mtoto visiguswe kabisa, hata kama mwenyewe huvitania mkiwa wawili. Alichokupa faraghani si chako kukigawa.

Hotuba ya msiba

Hii naitenga kwa sababu ina uzito wake. Kwanza, tofautisha wasifu na maneno ya moyoni ya kumuaga marehemu. Wasifu wa marehemu, yaani tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, ugonjwa na watoto aliowaacha, kwa kawaida kuna aliyepewa kuusoma. Usiurudie. Kazi yako ni kumleta mtu mwenyewe kwa dakika tatu au nne, jinsi alivyocheka, jinsi alivyoingia mlangoni.

Usimfanye malaika. Wafiwa walimjua, na picha isiyo na doa huwafanya wajisikie kana kwamba anazikwa mtu mwingine. Ukisema "alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliotusomesha", watu wataitikia kwa vichwa. Lakini mazishi si mahali pa kulipana hesabu. Kama mlikuwa na mgogoro ambao haukuisha, mwachie mwingine azungumze.

Machozi yakija, yaache yaje. Simama, tazama chini, vuta pumzi, meza maji, subiri. Hakuna atakayekuharakisha. Ukimya unaouona wewe kama wa milele ni wa sekunde chache kwa wanaokusikiliza. Kinachosaidia sana ni kuzisoma kwa sauti nyumbani, mara nyingi, zile sentensi zinazokukaba koo, kwa sababu sentensi hukaba zaidi mara ya kwanza masikio yako yanapoisikia. Na mpe mtu mmoja nakala ya hotuba, mkubaliane mapema: ukishindwa kabisa, utamtazama, naye atakuja kumalizia. Kujua tu kwamba mtu huyo yupo mara nyingi hutosha kukufikisha mwisho.

Hatua ya 6: Pima na ukate

Kwa makadirio ya kupangia, hesabu kama maneno 100 kwa dakika moja, kisha jipime kwa saa. Usiige hesabu za Kiingereza za maneno 130 au 150. Maneno yetu ni marefu, na kitenzi kimoja hubeba kazi ya maneno manne. Soma kwa sauti, kwa mwendo wa ukumbini, pamoja na vituo. Ukumbini kuna kicheko, makofi, na kutembea hadi mbele, kwa hiyo ukipewa dakika tano, andika za dakika nne.

Kama makisio: kumkaribisha mgeni ni dakika moja hadi mbili, harusi tatu hadi tano, kustaafu tano, msiba tatu hadi tano. Ikizidi, usisome haraka zaidi. Kata kisa kizima, usikate neno moja hapa na jingine pale.

Hatua ya 7: Mazoezi ni kwa sauti, tena kwa kusimama

Kusoma kimyakimya kitandani si mazoezi. Simama, shika karatasi utakayoishika siku hiyo, na useme. Mara za kwanza utagundua sentensi zinazokuumiza ulimi, zibadilishe. Ukifika mahali pale pale ukakwama mara mbili, kosa ni la sentensi, si lako.

Sema mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Usimwulize kama ni nzuri, maana atasema ni nzuri. Mwombe akueleze alichokumbuka. Kama alichokumbuka ndicho jambo lako moja, umefika.

Usikariri hotuba nzima neno kwa neno. Aliyekariri neno kwa neno akipoteza moja hupoteza yote. Kariri vitu vitatu: sentensi ya kwanza, mpangilio wa visa, na sentensi ya mwisho. Visa vyenyewe unavijua, vilikutokea.

Karatasi iandae kwa heshima. Herufi ziwe kubwa, ukubwa wa 16 au zaidi, na nafasi ya kutosha kati ya mistari. Chapa upande mmoja tu na uweke namba za kurasa. Acha theluthi ya chini ya ukurasa wazi, ili macho yako yasizame chini sana hadi kidevu kizibe koo. Sentensi isikatike ukurasa mmoja na kuendelea mwingine. Kama utatumia simu, ongeza muda wa kioo kujizima na uzime mtandao, la sivyo ujumbe utaingia katikati ya kumuaga marehemu. Mimi karatasi naiamini zaidi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na viganja kulowa ni kazi ya adrenalini, homoni inayouamsha mwili. Mwili unajiandaa kwa jambo kubwa, na hauwezi kutofautisha sana kati ya hatari na furaha. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia "nimesisimka" kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Inaeleweka: kujilazimisha kutulia wakati moyo unadunda ni kupigana na mwili, ilhali msisimko unautumia mwili ulivyo.

Matokeo mengine yanayostahili kukaa kichwani ni ya Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, ya mwaka 2003. Wasemaji hudhani woga wao unaonekana wazi kuliko unavyoonekana kweli, na walioelezwa hilo kabla ya kusimama walihutubia vizuri zaidi. Kwa hiyo tetemeko unalolisikia kifuani halijafika safu ya tatu.

Dakika chache kabla ya kuitwa, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi kwa muda mrefu hupunguza mapigo ya moyo. Kunywa maji kidogo. Pombe iache hadi umalize. Huondoa woga kidogo na uamuzi mwingi.

Fika mapema uone utakaposimama. Kama kuna kipaza sauti, kijaribu kabla ya watu kujaa, kwa kusema sentensi, si kwa kukipiga wala kukipuliza. Kishike chini ya kidevu kidogo, umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na kichwa chako kikigeuka, kipaza sauti kigeuke nacho. Usikifunike kichwa chake kwa kiganja, na usisimame mbele ya spika ukikielekeza kwake: kitaidaka sauti ya spika, spika itaikuza, kitaidaka tena, na hapo ndipo ule mluzi mkali hutokea. Ukitokea, ondoka mbele ya spika.

Ukiitwa, tembea kwa mwendo wako. Fika, weka karatasi, simama kwa miguu miwili, tazama watu, vuta pumzi moja. Ndipo uanze. Sekunde hizo tatu za kimya huwanyamazisha watu kuliko "naomba utulivu".

Sema polepole kuliko unavyotaka, kwa sababu woga huharakisha. Macho usiyapeperushe juu ya vichwa. Mtazame mtu mmoja hadi sentensi iishe, kisha mwingine upande wa pili. Anza na nyuso zinazokuitikia. Yale maneno unayomwambia anayesherehekewa, mwambie yeye, usoni. Watu wakicheka, ngoja kicheko kishuke kabla ya kuendelea, la sivyo sentensi inayofuata itapotea.

Yakienda kombo

Ukipoteza mstari, nyamaza, tazama karatasi, endelea. Usiombe radhi, hawajui ulichokusudia kusema. Kipaza sauti kikizima, kiweke chini na usogee mbele hatua mbili, usemee wa safu ya mwisho. Msemaji aliyekutangulia akisimulia kisa chako, tumia kile cha akiba ulichokiweka pembeni katika hatua ya 3. Ndiyo sababu usiitupe ile karatasi ya mwanzo. Ratiba ikichelewa na mshereheshaji akakunong'oneza "dakika moja tu", toa kisa kimoja na sentensi ya mwisho. Hotuba iliyojengwa kwa visa hukatika bila kuharibika.

Na ukiitwa ghafla

Hutokea: umekaa unakula, jina lako linatajwa. Tumia muda wa kutembea hadi mbele kutafuta kitu kimoja tu, siku moja unayoikumbuka ukiwa na mhusika. Ukifika, sema wewe ni nani kwake, simulia siku hiyo kwa sentensi tano au sita, mgeukie umwambie unachomtakia au unachomshukuru, kisha rudisha kipaza sauti. Kama unahisi uwezekano wa kuitwa upo, na kwa ndugu wa karibu karibu kila mara upo, kitafute kisa hicho njiani kabla hujafika.